Kanyiva na Ruta Mbili za Kanisa

Mtu akikuambia kwamba Kanyiva aliacha mazishi ya mume wake akaenda kucheza na kompyuta, mlete kwangu. Duka langu la kushona sare za shule liko hapa Tawa, mkabala na kinu cha unga, na stuli haikosekani. Nitamweleza vizuri, na akitaka kubishana nitamtoa nje na mkasi mkononi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika Kanyiva mkono wa kushoto tangu asubuhi, kwa sababu siku kama hiyo mjane hupewa mwanamke wa kumshika, na mwanamke huyo alikuwa mimi. Nilimwachilia pale tu aliponiambia, "Kaveke, nipe mkono wangu, nachapa pole pole."

Kanyiva si wa hapa. Alizaliwa Kyuso, kule Kitui ya kaskazini, kwa watu wa mbuzi na ndengu. Alisomea kompyuta Kitui mjini, halafu akaja Tawa kuajiriwa kwenye saiba, duka la kompyuta na kopi, iliyokuwa ukuta mmoja na duka langu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akigombeza mtu kupitia ukuta wa mabati: "Wewe, nani amekupa hiyo namba? Nakuuliza, nani amekupa?" Nikadhani ni mambo ya mume wa mtu, nikasimamisha cherehani nisikie vizuri. Siku niliyokwenda kuchungulia nikakuta anazungumza na printa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Shule ikinunua kompyuta, zote zikawaka lakini haziwezi kupeana kazi, anaitwa Kanyiva. Zahanati ikituma karatasi kwa printa na printa inyamaze kana kwamba imetukanwa, anaitwa Kanyiva. Aliwahi kunieleza nikaelewa, kwa hivyo na wewe utaelewa. Kila mashine kwenye mtandao ina namba yake, mafundi huiita IP, nayo imekatwa kwa nukta vipande vinne. Kwenye mitandao midogo kama ya huku kwetu, vipande vitatu vya mbele ni boma, na cha mwisho ni mtu wa hilo boma. Wa boma moja wanasalimiana bila shida. Wa maboma mawili wanaweza kuchomekwa kwenye kisanduku kimoja, waya zao zikalaliana kabisa, na bado kila mmoja akaapa kwamba mwenzake hayupo. "Watu hushika waya kwanza kwa sababu waya inaonekana," alikuwa akisema. "Mimi hushika waya pia, lakini ni kuwaridhisha."

Kitheka alianza kuja saiba kutoa kopi ya kitambulisho. Alitoa kopi za kitambulisho hicho mpaka nikadhani anagawia kijiji kizima. Nilimwambia Kanyiva, "Huyu hatafuti kopi," akanirushia kalamu. Wakaoana. Walipata mtoto mmoja tu, msichana, akaitwa Nduku, jina la mamake Kitheka, kama desturi yetu ilivyo. Kwa hivyo Kitheka hakumwita mtoto kwa jina. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ungemwona mwanamume mzima amesimama mlangoni anauliza kitu kinachotambaa, "Mwaitu, umekula?" Na mtoto alipokua akakijua cheo chake. Alikuwa akimtuma babake maji, na babake anaenda.

Mvua zilipokataa, Kitheka alipata kazi Kibwezi, ya kuendesha pampu kwenye shamba la mboga kando ya mto. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na gunia la mabamia ambayo hakuna mtu kwao aliyeyapenda, na kila mara mabamia yalisifiwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu alimflashi mkewe. Simu inalia mara moja, inakatwa, na Kanyiva naye anaflashi. Hakuna anayeshika. Kanyiva alimwambia kwamba mashine pia hufanya hivyo, moja humgonga mwenzake ijue kama yupo, jibu likirudi basi, na fundi huita ping. Kitheka alilipenda neno hilo kupita kiasi. Alikuwa akifika nyumbani anawaambia majirani kwamba yeye na bibi yake hufanya ping kila siku, na majirani wanaangalia chini kwa aibu.

Asubuhi moja simu haikulia. Kanyiva alichemsha chai, akaflashi yeye. Kimya. Akapiga sasa ya kushikwa, ikashikwa na muuguzi ambaye alimwuliza kwanza yeye ni nani wa mgonjwa. Kitheka alikuwa ameanguka kando ya pampu. Kanyiva alikuwa bado yuko kwenye barabara ya Mombasa muuguzi alipopiga tena, na safari hii alisema pole kabla ya kusema lolote. Alipofika, Kitheka alikuwa ameshapelekwa chumba cha maiti. Mulwa, kaka mkubwa wa Kitheka, alikuwa ametangulia, akamzuia mlangoni. "Shemeji, usimwone hivi," akamwambia. "Utamwona siku ya mazishi, amevalishwa poa." Kanyiva alikubali, kwa sababu Mulwa mwenyewe alikuwa analia, na kwa sababu siku ya mazishi ilikuwa ni ahadi.

Nduku alikuwa Uarabuni, kazi za nyumba. Aliomba ruhusa ya kuja kumzika babake, akakataliwa, akaomba akilia, akakataliwa. Mwishowe mama mwenye nyumba akamkubalia kitu kimoja, kwamba siku hiyo, yeye mama akilala mchana, Nduku anaweza kukaa chumbani na simu. Akiamka basi. Nduku akampigia Kanyiva tukiwa tumeketi naye kwenye matanga, simu iko kwenye spika, sote tunasikia.

"Mama, mimi sitaki kusoma eulogy. Sitaki kuongea. Nataka tu kumwona baba uso. Nisipomwona sitaamini, nitakaa huku nikidhani ako Kibwezi."

"Utamwona," Kanyiva akasema. "Mimi nakuambia, utamwona."

Tangu hapo hakuwa na jambo jingine. Walimwuliza rangi ya jeneza, akasema yoyote. Walimwuliza nyimbo, akasema zozote. Alichotaka ni kile kidirisha cha mchana cha mtoto wake.

Na njia ya kumwonyesha ilikuwa moja. Kwenye mazishi fulani ya nyuma mtu alipiga picha maiti, ikazunguka Facebook kabla hata kaburi halijafukiwa, na tangu siku hiyo kanisa letu likapiga marufuku simu karibu na jeneza. Wasimamizi hupanga mstari pale mbele kama wachezaji wanaozuia frikiki, na ukiinua simu unatolewa nje, hata uwe nani. Kinachoruhusiwa ni kamera ya kanisa, ile ya darini. Kamera inapeleka picha kwenye kompyuta ya ofisini, na kompyuta ndiyo inawapelekea watu walio mbali.

Sasa nikwambie upumbavu wa kanisa letu, nami naweza kuusema kwa sababu nilichangia. Ibada ya kwanza, ya wazee, ya Kikamba, ilinunua ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti. Ibada ya pili, ya akina mama na vijana, ikaona itachekwa, ikanunua yake. Kila moja ilipelekwa madhabahuni ikiwa imefungwa utepe, ikaombewa, ikawekwa wakfu, ikaandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe jina la kundi lililotoa. Na kitu kikishaombewa kwetu hakitolewi tena. Kukitoa ni kuwaambia waliokitoa kwamba sadaka yao ni takataka, na kuna watu wangehama kanisa siku hiyo hiyo na viti walivyonunua. Basi ruta zote mbili zikachomekwa kwenye swichi moja, kisanduku cha kukutanisha nyaya, zote zikawa zinagawa namba kama shangazi wawili wanaopanga harusi moja. Ya wazee inagawa boma la 192.168.1, ya akina mama inagawa boma la 192.168.0. Kompyuta ikiwashwa, inachukua namba ya yeyote aliyeijibu kwanza. Laini ya intaneti ya wazee ilikufa zamani, lakini ruta yao bado inawaka taa na kugawa namba zisizoweza kukutoa nje ya uwanja wa kanisa. Na kamera ya darini ilifungwa enzi za ruta ya wazee, kwa hivyo iko boma la wazee.

Kanyiva aliiambia kamati izime moja. Kamati ilikaa, ikaomba, ikaahirisha mpaka mkutano mwingine, na unajua mikutano mingine. Akaamua kutumia ufundi. Aliichukua kompyuta ya ofisini akaipa kwa mkono namba mbili, moja ya kila boma. Kwa namba ya wazee inaiona kamera, kwa namba ya akina mama inatoka kwenda duniani. Miaka yote kanisa likaonekana na watu wa Nairobi na wa ng'ambo, na hakuna aliyejua ni kwa nini linaonekana.

Evanson, mwalimu wa shule ya msingi anayesimamia vyombo vya kanisa, ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Aliitazama kompyuta ile ya ofisini, imezeeka, inanguruma, akaona haifai kwa mazishi ya mume wa fundi wetu mwenyewe. Akaazima laptopu mpya shuleni kwao, ile ya zamani akaiweka stoo. Ilikuwa ni heshima. Ijumaa akaijaribu kwa kumpigia Nduku kwa ile kamera ndogo ya laptopu yenyewe. Wakaonana, wakasalimiana, Evanson akawaambia wazee iko sawa.

Kanyiva hakuulizwa. Wiki ya matanga mjane hukaa ndani kwenye godoro na wanawake, hasumbuliwi na mambo ya nyaya. Yeye ndiye aliyeuliza, Mulwa alipoingia kutupa habari.

"Mulwa, wacha niende kanisani kidogo tu niangalie hiyo mashine."

"Shemeji, wewe kaa. Kazi yako saa hii ni kulia. Evanson ametest."

"Ametest na camera gani?"

"Camera si ni camera?" Mulwa akasema, kwa upole kabisa, akampa kikombe cha uji.

Alikunywa uji. Nilimwona akiangalia mlango muda wote.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka kwenye mahema ya nje. Jeneza lilikuwa mbele, limefunguliwa upande wa uso lakini limefunikwa kitambaa cheupe, na sisi tulikuwa kiti cha kwanza, mimi nimemshika Kanyiva. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa. Ukafika wakati wa kumwunganisha Nduku, na kweli tukauona uso wake, amejitanda mtandio, macho yamevimba. Halafu akapotea. Badala yake tukajiona sisi wenyewe kutoka juu, vichwa na jeneza. Tulipotaka kushukuru, sisi tukapotea na Nduku akarudi, anasema, "Sioni. Jamani, sioni kitu." Kila Evanson alipoizima laptopu na kuiwasha, upande mmoja ulikuja na mwingine ukaenda. Akimpata Nduku anaikosa kamera, akiipata kamera anamkosa Nduku. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kukemea pepo wa mitambo.

Mkono wa Kanyiva ukakaza ndani ya wangu.

"Imeshika ya akina mama," akaninong'oneza. "Sasa ya wazee. Sasa ya akina mama tena. Kaveke, wametoa mashine yangu."

"Tulia. Evanson atapata."

"Hatapata. Hajui inafaa namba ziwe mbili."

Akasimama. Nami nikasimama, ningefanya nini? Hakuna aliyetuzuia. Mjane akiinuka ameshikwa mkono na kuelekea mlangoni, kila mtu anajua maana yake. Wanawake walitupisha wakimpepea kwa karatasi za programu. "Amezidiwa, maskini. Mpelekeni apate hewa." Mshereheshaji akashusha sauti kwenye maikrofoni, akaomba tumkumbuke mama yetu kwa maombi. Kwa mtu aliyezidiwa, Kanyiva alitembea haraka sana.

Ofisi iko nyuma, ng'ambo ya uwanja. Evanson alikuwa amelegeza tai, jasho linamtoka.

"Mama Nduku, hapana, wewe hufai kuwa—"

"Songa."

Akaketi na nguo yake nyeusi ya mjane, akafungua pale namba zinapokaa. Hapo ndipo aliponiomba mkono wake. Alipotaka kuandika namba, laptopu ikakataa, ikadai nywila ya msimamizi.

"Hii ni ya shule," Evanson akasema. "Mimi sina. Anayo Ngure, secretary wetu. Nilimwona kwa tent ya huko nje."

Wakati huo huo spika za kanisa zikatangaza kwamba sasa ni kuutazama mwili. Wageni wa mbali kwanza, halafu waumini, halafu ukoo, na familia ya karibu mwisho kabisa. Nikamwambia Kanyiva turudi.

"Mimi ni wa mwisho," akasema. "Kuna watu wengi mbele yangu. Evanson, kimbia kwa Ngure. Na ukipita, mwambie Mulwa anisubiri. Mwambie nakuja, asifunge kabla sijafika."

"Sawa, mama."

Alikimbia, namshuhudia, shati limetoka kwenye suruali. Tukabaki sisi wawili na ile laptopu inayodai nywila. Simu ya Kanyiva ikaingia ujumbe wa Nduku, nikausoma kwa sauti kwa sababu yeye alikuwa hataki kuondoa macho kwenye skrini: *Mama sioni. Madam ameanza kukohoa, karibu aamke.* Nikamwambia nitachukua simu yangu niende mbele nimpigie Nduku, na msimamizi atakayenigusa atajua mimi ni nani.

"Watakutoa nje, mtagombana, na wakati utakwisha mkigombana," akasema. "Kaa."

Kupitia dirishani tulisikia kwaya, na miguu ikisogea pole pole kwenye sakafu, mstari wa watu wanaopita mbele ya Kitheka. Kanyiva alikuwa anaisikiliza ile miguu. Naapa alikuwa anaipima.

Evanson akarudi, nywila imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Umemwambia Mulwa?"

"Nimemwambia."

Kanyiva akachapa. Akaipa laptopu namba ya boma la akina mama, 192.168.0.20, na papo hapo onyo likatokea: namba hiyo ina mwenyewe. "Simu," Kanyiva akasema. Nusu ya waombolezaji walikuwa kwenye waifai ya akina mama, nywila yake imebandikwa ukutani kwa kila mtu, na simu fulani iliyolala kwenye mfuko fulani ilikuwa imeikalia namba ile. Akafuta. Akapanda juu kabisa, kwenye 250, mahali ruta haigawii watu. Ikakubali. Akaongeza ya pili chini yake, ya boma la wazee, nayo ikakubali. Halafu akaigonga kamera, na jibu likarudi. Akagonga nje, duniani, na jibu likarudi. Majibu yakawa yanashuka mstari chini ya mstari, na Kanyiva, ambaye hakuwa amelia kanisani, akaanza kulia huku anachapa.

Kamera ikafunguka. Nduku akafunguka kando yake. Wote wawili, kwa pamoja, wamekaa.

"Mama! Naona! Naona kanisa!"

"Ngoja, usiongee, ngoja," Kanyiva akasema, akisahau kwamba Evanson alikuwa amezima maikrofoni ya laptopu na Nduku hatusikii. Kwa vitufe vya laptopu akaiinamisha kamera ya darini, akaielekeza kwenye jeneza, akaikuza picha. Vichwa vikapita. Maua. Kitambaa kimekunjwa. Na hapo katikati ya weupe, uso, mdogo kama stempu, wa Kitheka.

"Baba," Nduku akasema.

Sikujua mtu anaweza kusema neno moja hivyo. Evanson akainamisha kichwa.

"Baba, ni mimi. Ni mwaitu."

Kanyiva akafuta macho asogee karibu, amwangalie naye. Na kwenye picha hiyo hiyo tukaona mkono wa Mulwa unaingia, unarudisha kitambaa juu ya uso, na wanaume wawili wanateremsha kifuniko.

"Bado," Kanyiva akaiambia skrini. "Mulwa, bado. Bado!"

Tulikimbia. Nilipoteza kiatu kimoja uwanjani, sikurudi. Tulipoingia kwa mlango wa kando mchungaji alikuwa anasema amina, na parafujo ya mwisho ilikuwa inakazwa. Mulwa akaja kutupokea amefungua mikono, machozi yanamtiririka.

"Shemeji, Evanson ameniambia unasema tungoje. Nikajua umeanguka vibaya huko nje. Nikasema tusikuongezee uchungu, tumalize haraka upumzike."

"Fungua," Kanyiva akasema.

"Mama," mchungaji akasema taratibu, "tumeshaomba ile ya kufunga."

Hakuna mtu Tawa aliyewahi kuona jeneza likifunguliwa baada ya ombi la kufunga. Wazee wakatazamana. Mulwa alielewa wakati huo tu, nikauona uso wake ukibadilika, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Aki sikujua. Shemeji, aki ya Mungu sikujua." Mimi nilipayuka. Nilisema maneno kuhusu wazee, kuhusu kamati, kuhusu ruta zao zilizowekwa wakfu, ndani ya kanisa, kwa sauti, na sijatubu mpaka leo. Nilisema kama hawafungui nitafungua kwa meno.

Kanyiva hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinua macho ukutani. Pale juu, kwenye skrini kubwa, Nduku alikuwa bado yuko nasi. Anatuona sasa, vizuri, ingawa hatusikii, kwa sababu ya kazi ya mamake. Anamwona mamake amesimama kando ya jeneza, na ametabasamu kidogo katikati ya machozi, kama mtoto aliyepata alichoomba.

"Kaveke, wacha," Kanyiva akasema. "Ataona kwamba sijamwona."

Akaweka kiganja juu ya kifuniko, upande wa kichwa. Halafu akarudi kitini akaketi. Ukutani Nduku akageuka ghafla kuangalia mlango wa chumba chake, na skrini ikawa nyeusi.

Tulimzika Kitheka nyumbani kwake, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Baadaye, wageni walipokuwa wakitawanyika na wanawake wakiosha sufuria, tulikwenda kusimama kando ya tangi la maji, maana hapo ndipo simu hushika vizuri. Nduku alikuwa amepata nafasi, amejificha stoo ya mwajiri wake, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama, asante. Nilimwona. Sasa naamini."

"Sawa, mama."

"Lakini ilikuwa mbali, na haikukaa. Sikumwona vizuri. Wewe ulikuwa hapo karibu. Niambie, alikuwa anakaa aje?"

Kanyiva alinitazama. Alihamisha simu kutoka sikio moja mpaka jingine.

"Alikuwa ametulia," akasema.

"Walimnyoa?"

"Walimnyoa. Waliacha kidogo hapa chini ya kidevu, unajua hataki kunyolewa yote."

"Na kwa uso hakuwa na maumivu?"

"Hapana. Alikuwa kama mtu ametoka safari, amechoka, amelala kabla chai haijaiva. Hata mdomo ulikuwa wazi kidogo tu, vile yeye hulalaga."

Nduku alilia, lakini kilio cha chini, cha mtu anayeachilia kitu. Tulimsikia akivuta kamasi.

"Nilikuwa naogopa mtu wa mwisho kumwangalia si mtu wetu," akasema. "Afadhali ni wewe, mama."

"Ndio," Kanyiva akasema. "Nilimwangalia. Nilimwangalia sana."